Upinde hauhitaji mti ulionyooka kama rula

Hii ya kusema eti huwezi kuchonga upinde mpaka upate mti ulionyooka, usio na kifundo hata kimoja, sio kweli na inawakatisha watu tamaa bure. Kinachovunja upinde mara nyingi sio kombo la mti, ni nyuzi za mbao zilizokatwa mgongoni, yaani ule upande unaotazama shabaha, maana huko ndo kunakovutika sana ukivuta kamba, kwa hiyo bandua gome au fuata pete moja ya mti, yaani tabaka moja la ukuaji wake, toka ncha hadi ncha, na mti ukienda kombo na wewe nenda nao, usilazimishe kuunyoosha kwa panga.

Kifundo nacho usikisawazishe, kiachie mbao ya ziada pembeni ili nyuzi zinazokizunguka zipite nzima. Kama kombo limezidi, pasha mvuke unyooshe taratibu, muhimu kamba ipite katikati ya mshikio au karibu yake na mikono yote miwili ya upinde, wa juu na wa chini ya mshikio, ipinde sawasawa.

Ila ufa unaokatiza mgongo au mbao iliyooza, hapo achana nayo kabisa.