Kufuli jipya halifuti haki ya mwenzi
Hapa Nairobi wengi huamini kwamba mke au mume akishaondoka na sanduku lake, aliyebaki, hasa mwenye jina kwenye hati ya nyumba, anaweza kubadilisha kufuli na kumwagiza mlinzi asimfungulie geti. Imani hiyo si sahihi. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 kinakataza mwenzi kumfukuza mwenziwe kutoka nyumba ya ndoa maadamu ndoa ingalipo, isipokuwa kwa amri ya mahakama. Na kutengana, hata kwa miaka, si talaka. Inaniuma kumwona mtu amesimama mlangoni pake na ufunguo usioingia tena. Palipo na kipigo, hata hivyo, sheria ya mwaka 2015 ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani huiwezesha mahakama kumzuia mkatili asiingie, hata kama nyumba ni yake.