Je, kweli Caligula alimpa farasi wake ukonsuli?

Hapana. Lakini kisa kina karibu miaka 2,000 sasa, na kila anayekisimulia humpandisha farasi cheo. Wengine wanasema alifanywa konsuli, yaani mmoja wa wakuu wawili wa Roma wa kila mwaka, wengine seneta, na wapo wanaomwapisha kabisa mbele ya Seneti nzima. Farasi mwenyewe alikuwepo. Aliitwa Incitatus, alikimbia katika mashindano ya magari ya farasi mjini Roma, na aliyempenda kupita kiasi ni Gaius, kaisari wa tatu, ambaye dunia inamjua kwa jina lake la utani la utotoni, Caligula.

Msomaji wa Biblia anawajua waliomtangulia na kumfuata: Tiberio wa Injili ya Luka na Klaudio wa Matendo ya Mitume. Huyu wa katikati hatajwi. Alishika utawala Machi mwaka 37 BK akiwa na miaka 24, watu wakampokea kwa shangwe, akafuja hazina aliyoachiwa, akaua ndugu na wakubwa wa nchi, na tarehe 24 Januari mwaka 41 maofisa wa kikosi chake mwenyewe cha ulinzi wakamchinja kwenye ujia wa ndani ya kasri. Hata miaka minne haikutimia.

Turudi kwa farasi. Habari zake zinatoka hasa kwa waandishi wawili, na wote wawili hawakuwa wamezaliwa wakati huo. Suetonius aliandika yapata miaka 80 baada ya kifo cha Caligula. Anaeleza kwamba Incitatus alikuwa na banda la marumaru, hori ya pembe za ndovu, matandiko ya zambarau na mkufu wa vito, na kwamba usiku wa kuamkia mashindano askari walitumwa kunyamazisha mtaa mzima ili farasi asisumbuliwe. Hayo anayasema bila kusita. Akifika kwenye ukonsuli, ghafla anapunguza mwendo: inasemekana, anaandika, kwamba Caligula alikusudia kumpa. Cassius Dio, aliyeandika zaidi ya karne moja na nusu baada ya tukio, anasimulia farasi kupewa shayiri ya dhahabu na Caligula kumnywea divai ya heshima kwa vikombe vya dhahabu, kisha anasema Caligula aliahidi kumfanya konsuli na angetimiza kama angeishi zaidi. Kwa hiyo mmoja anatupa nia, mwingine ahadi. Uteuzi hakuna. Na useneta haumo kwa yeyote kati yao. Huo umeongezwa njiani.

Wapo pia waliomwona Caligula kwa macho. Philo, mwanafalsafa wa Kiyahudi wa Alexandria nchini Misri, alisimama mbele yake mwaka 40 pamoja na ujumbe wa Wayahudi wa mji wake, akatoka pale na uchungu wa kujaza kitabu. Seneca, mwanafalsafa na seneta, aliishi Roma siku hizo na hakumpenda hata kidogo. Hakuna kati yao anayetaja farasi konsuli. Ukimya si ushahidi kamili, ni kweli, ila ni ajabu maadui wawili hodari wa kalamu waache silaha kama hiyo chini.

Isitoshe, Warumi waliuita mwaka kwa majina ya makonsuli wake, kwa hiyo majina hayo yamehifadhiwa. Mwaka 39 ni Caligula na Lucius Apronius Caesianus. Mwaka 41 ni Caligula na Gnaeus Sentius Saturninus. Wa kushangaza ni mwaka 40: mwenzake Caligula alifariki karibu kabisa na siku ya kuanza kazi, na Caligula mwenyewe alikuwa mbali, Lugdunum, ambao leo ni mji wa Lyon nchini Ufaransa. Kiti kimoja kikabaki wazi kabisa. Kama kulikuwa na nafasi ya kumleta farasi, ni hiyo. Farasi hakuja. Badala yake, anasimulia Dio, maseneta walipanda kilima cha Capitolium, wakatoa sadaka na kukisujudia kiti cha Caligula kilichokuwa hekaluni, kitupu.

Kwa nini basi maneno yale yaliwauma wakubwa wa Roma kiasi cha kukumbukwa kizazi hadi kizazi? Hapa inabidi kuelewa ukonsuli ulikuwa umebaki kitu gani. Zamani, Roma ilipokuwa jamhuri, makonsuli wawili waliochaguliwa kila mwaka ndio walioongoza nchi na majeshi. Augusto, kaisari wa kwanza, alipoyachukua madaraka, cheo hakukifuta. Alikiacha na heshima zake zote, akaondoa tu uzito ndani yake.

Chukua harusi iliyogharimiwa na mjomba mmoja tajiri. Ukumbi kaulipia yeye, wapishi wake, muziki wake. Lakini meza kuu ameketi mzee mwingine, mgeni rasmi; mshereheshaji anamtaja kwa vyeo, watu wanasimama akiingia, na shughuli itakumbukwa kwa jina lake. Kila mtu ukumbini anajua nani mwenye neno la mwisho, na hakuna anayelisema. Wazee wa ukoo wanashindana miaka na miaka wapate kiti kile. Sasa mjomba anasimama, anashika kipaza sauti na kusema, "Mwakani mgeni rasmi atakuwa mbuzi wangu." Ukumbi unacheka, na mzee wa meza kuu anacheka kuliko wote. Mbuzi hana haja ya kuja. Tayari kila atakayekaa pale mwakani atajua amepata nafasi ambayo mbuzi naye alifikiriwa. Na mjomba akimleta mbuzi kweli, atakuwa amejiharibia: watu watasema ana wazimu, kiti kitakosa thamani, na wazee hawatakuwa na cha kumnyenyekea.

Ndiyo maana baadhi ya wanahistoria wa leo wanaona farasi yule alikuwa tusi, si uchizi. Ni tafsiri, kwa kuwa hakuna anayeweza kumhoji Caligula, na inamtaka awe mjanja kuliko wengi wanavyomfikiria. Ila inafanana na mwenendo wake. Suetonius anasimulia kwamba aliwaacha maseneta watimue mbio kando ya gari lake wakiwa na toga zao, mavazi yao rasmi. Kwamba makonsuli waliposahau kutangaza siku yake ya kuzaliwa aliwavua vyeo, nchi ikakaa siku tatu bila konsuli. Na kwamba karamuni aliangua kicheko, makonsuli walioketi karibu wakamuuliza kwa upole anacheka nini, akawajibu kwamba akitikisa kichwa mara moja tu wote wawili watakatwa koo. Cassius Chaerea, ofisa aliyeongoza mauaji yake, naye alikuwa amekejeliwa muda mrefu kuwa si mwanamume kila alipokuja kuchukua neno la siri la zamu.

Dio alipoandika habari ya farasi hakuwa mtazamaji wa pembeni. Alikuwa seneta, na mwaka 229 alishika ukonsuli kwa mara ya pili.

Halafu kuna jambo ambalo wasimuliaji wa farasi karibu wote wanaliruka. Dio huyohuyo anasema Caligula alianzisha ukuhani wa kumwabudu yeye mwenyewe, na humo farasi aliingizwa kweli, kuhani pamoja na wenzake. Shahidi ni mmoja na amechelewa sana, kwa hiyo lichukuliwe kwa tahadhari. Makuhani wengine walilipia nafasi zao: Suetonius anaandika kwamba Claudius, ami yake Caligula na kaisari aliyefuata, alitozwa sesterti (sarafu ya Kirumi) milioni 8 akafilisika, wakati askari wa kawaida alipata sesterti 900 kwa mwaka. Incitatus alitozwa ngapi, Dio hasemi.