Kupona si kunenepa

Juzi nimesikia tena mtu akiambiwa, "Naona umeshapona, mashavu yamejaa!" Msemaji alikuwa na nia njema kabisa. Aliyeambiwa alitabasamu, akasogeza sahani pembeni, na hakuigusa tena.

Kupona ugonjwa wa ulaji ni mwili kurudishiwa lishe uliyoikosa, na akili kuacha kukiona chakula kama adui, hesabu au adhabu. Mambo haya mawili hayaendi kwa mwendo mmoja. Mara nyingi mwili hutangulia, akili ikafuata nyuma, pengine kwa miaka.

Neno letu lenyewe lina maana mbili. Aliyeponea chupuchupu kwenye ajali ameokoka, basi. Anaweza kuwa amelazwa na mifupa imevunjika. Kidonda kikipona, hapo tunasema ngozi imefunga na maumivu yamekwisha. Uzito ukirudi na moyo ukapiga sawasawa, mgonjwa amepona kwa maana ya kwanza. Hilo si dogo hata kidogo, kwa sababu anoreksia, ugonjwa wa ulaji unaomfanya mtu ajinyime chakula, huua. Lakini kidonda bado kibichi, nasi tunampongeza kana kwamba kimefunga.

Jina la ugonjwa nalo linapotosha. Anoreksia ni neno la asili ya Kigiriki, maana yake kukosa hamu ya kula. Daktari William Gull wa London aliupa ugonjwa jina hilo miaka ya 1870, nalo likabaki, ingawa wengi wanaougua wana njaa, tena kali. Wanashindana nayo usiku na mchana. Anayedhani kilichopotea ni hamu tu, ataona mgonjwa anakula na kusema yamekwisha. Na wapo wenye bulimia, ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kukitoa chakula, mara nyingi kwa kujitapisha, ambao hawakukonda hata siku moja. Hao mizani itawaambia nini?

Mwaka 1944 hadi 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, kwa takribani miezi sita. Walikuwa vijana wenye afya, hawana ugonjwa wa ulaji. Wakaanza kuwaza chakula kutwa, kusoma vitabu vya mapishi, kuvuta mlo mdogo kwa muda mrefu. Waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula kwa miezi bila kuhisi wameshiba. Ikiwa hao, walioingia njaa kwa hiari na kwa tarehe maalumu, hawakutulia mara moja, aliyeishi miaka akikiogopa chakula tunamdai nini?

Kwa hiyo ukikutana naye, mwili wake uuache. Mwambie umefurahi kumwona. Kama mna ukaribu wa kuulizana, muulize anaendeleaje na chakula siku hizi, kisha nyamaza, umwachie nafasi ya kujibu "bado".