Risasi ikiingia kwenye silinda, haijafaa bado

Hapa Dodoma wengi tumelijua gobore kabla ya kuijua bastola: unashindilia baruti na goroli kwa mdomo wa mtutu, unaweka fataki, moshi unatanda. Rivolva za kale za Marekani, mfano Remington ya 1858, zina kawaida ileile, ila baruti na goroli hujazwa kwenye matundu ya silinda, kile kipande cha mviringo kinachozunguka nyuma ya mtutu. Siku hizi nakala zake hubadilishwa silinda ili zipige risasi za ganda, zenye baruti, fataki na kichwa pamoja, na hapo ndipo maneno ya kijiweni yanapoweza kumgharimu mtu vidole.

"Ikiingia, inafaa." Kauli hii ndiyo inayonitisha kuliko zote. Baruti isiyo na moshi, aliyoitengeneza Paul Vieille wa Ufaransa mwaka 1884, ina nguvu kubwa kuliko baruti nyeusi ya uzito uleule. Risasi mbili za aina ya .45 Colt zinaweza kulingana urefu na unene, kumbe moja imejazwa kwa ajili ya bastola nzito za kisasa. Kwa macho hutazitofautisha. Soma boksi, kisha soma maelekezo ya aliyetengeneza silinda. Tafuta za mwendo mdogo, zenye kichwa cha madini ya risasi matupu, kisichovikwa shaba. Iliyojazwa na mtu usiyemjua, iache.

Wengine husema fremu ya shaba nayo ni chuma tu. Si kweli. Shaba ni laini, hulegea kwa vishindo; silinda hizi ni za fremu ya feleji.

Namba za upana wa mtutu kwa inchi nazo hudanganya. Mtutu unaoitwa .44 una upana wa takribani inchi 0.45, ndiyo maana hupokea .45 Colt. Ule wa .36 hukaribia inchi 0.375, ilhali kichwa cha .38 Special, risasi ya ganda inayopigwa humo, ni 0.358, kwa hiyo kinapwaya na shabaha inapotea. Huko hutumika kichwa laini chenye kitako cha shimo, kinachotanuka kikisukumwa.

Eti kwetu kukavu, hakuna kutu? Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu hata wa usiku mmoja. Osha kwa maji ya moto siku hiyohiyo, kausha, paka mafuta.

Na yule anayeamini kuwa muundo wa kale hauhitaji leseni, aisome Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kisha afike polisi kuuliza kabla hajaagiza silinda.