Sponji ya ukutani haizuii sauti

Kuzuia sauti ni kufanya sauti iliyo upande mmoja wa ukuta, mlango au dari isifike upande wa pili, au ifike ikiwa imepungua kiasi cha kutosumbua. Hupimwa kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) zinazopotea njiani. Ikipungua 3, sikio linatambua kwa shida. Ikipungua 10, wengi wetu huona kama imebaki nusu. Hiyo ndiyo maana yake yote, na wala si ngumu.

Ugumu unaanza mtu anapobandika sponji zenye meno ukutani, au trei za mayai, kisha akatangaza kwamba chumba chake hakitoi sauti tena. Akipiga makofi ndani hasikii mwangwi, basi anaona kazi imekwisha. Jirani anaendelea kusikia kila neno. Alichofanya ni kufyonza sauti, jambo halali kabisa lenye faida zake, ila halihusiani na jirani.

Kufyonza kunashughulika na sauti inayorudi. Sauti ikigonga ukuta mtupu wa lipu, sehemu kubwa inarudi chumbani, inagonga ukuta wa mbele, inarudi tena, na maneno yanapandiana. Elimu hii ilipata vipimo vyake mwaka 1895, mwanafizikia Wallace Sabine alipoanza kuchunguza ukumbi mmoja wa mihadhara wa Chuo Kikuu cha Harvard ambamo wanafunzi hawakuelewa mhadhiri kwa sababu kila silabi iliendelea kulia kwa sekunde kadhaa. Alileta mito ya viti, akaipanga ukumbini, akapima muda sauti inaochukua kuzimika. Swali lake lilihusu waliokaa ndani. Walioko nje ya ukumbi hawakuwamo kabisa.

Sabine alihitaji kitu cha kulinganishia, na alichokichagua kinamaliza ubishi wote: dirisha lililo wazi. Sauti ikifika dirishani inatoka, hairudi, kwa hiyo dirisha wazi linahesabiwa kuwa limefyonza asilimia 100 ya sauti iliyolifikia. Kipimo cha 1.0 kwenye karatasi za vifaa vya kufyonza kinatokana na hapo. Sasa soma tena tangazo la sponji linalojisifu kwamba lina NRC ya 0.95. NRC ni wastani wa ufyonzaji katika masafa, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, ya Hz 250, 500, 1,000 na 2,000. Mnunuzi anaisoma kama asilimia 95 ya sauti imezuiwa. Inavyosema hasa ni kwamba sponji hiyo inakaribia ubora wa dirisha wazi. Na dirisha wazi linamzuilia nini jirani?

Kipimo cha kuzuia ni kingine: STC kwa mfumo wa Marekani, Rw kwa mfumo wa ISO, shirika la viwango la kimataifa. Hivyo huja kwa desibeli: 30, 45, 55. Muuzaji wa vifaa vya kuzuia sauti akikosa namba ya aina hiyo na akakupa NRC peke yake, anauza kifyonzaji, hata kama ameandika vingine kwenye boksi. Tena STC huhesabiwa kuanzia Hz 125 kwenda juu, kwa hiyo hata namba nzuri haisemi lolote kuhusu besi ya spika iliyo chini ya hapo.

Kinachozuia sauti inayosafiri hewani ni uzito. Mawimbi ya sauti yanasukuma ukuta. Ukuta mwepesi unacheza na kuisukuma hewa ya upande wa pili, ukuta mzito unagoma. Kinadharia, kila uzito wa meta moja ya mraba unapokuwa mara mbili, unapata desibeli 6 zaidi. Kwa vitendo ni 5 hivi. Trei za mayai hazifiki kilo moja kwa meta ya mraba. Sponji ya sentimita 5 ni kilo moja na kitu. Bodi ya jipsamu ya milimita 12.5 ni kilo 8 hadi 9. Vinili nzito, ile mikeka ya milimita 3 iliyojazwa unga wa madini, ni kilo 5 hivi. Ukuta wa tofali uliopigwa lipu pande zote mbili unapita kilo 200 bila taabu.

Namba hizo zinaonyesha pia jinsi vifaa vya kuzuia kweli vinavyotumiwa vibaya. Chukua ukuta wa kilo 230 kwa meta ya mraba, uubandike vinili ya kilo 5. Umeongeza asilimia 2 ya uzito, na hesabu inatoa takriban moja ya tano ya desibeli. Hakuna sikio litakalogundua. Bandika vinili hiyo hiyo kwenye mlango mwepesi wenye uwazi ndani, wa kilo 10 kwa meta ya mraba, nawe umepata desibeli 3.5. Bodi ya jipsamu kwenye mlango huo ingetoa zaidi ya 5. Vinili si uchawi. Ni uzito uliokubali kukunjika. Faida yake ni wembamba na ulegevu, maana haina ugumu wa kulia kama kioo au bodi. Mahali pake ni mlango, ukuta wa mbao, dari jepesi, mabomba ya maji machafu. Ukuta wa tofali uache.

Vinili ikienda kwenye ukuta wa fremu, hutundikwa kuanzia juu kwa skrubu zenye washa pana, maana kichwa kidogo kinaichana kwa uzito wake. Roli ya meta 1.2 kwa 3 ina kilo 18, kazi ya watu wawili. Isivutwe ikakaza kama ngozi ya ngoma. Iachwe inyong'onyee kidogo. Viungo vipandiane sentimita 5 na vizibwe kwa utepe. Ikienda mlangoni, kumbuka mlango wa meta 0.8 kwa 2 unaongezewa kilo 8: weka bawaba ya tatu kabla mlango haujaanza kulala na kukwaruza sakafu.

Hata hivyo, kabla ya kununua uzito wowote, piga magoti uangalie chini ya mlango. Uwazi wa sentimita moja kwenye mlango wa meta 0.8 kwa 2 ni sehemu moja kati ya 200 za eneo lake. Inaonekana ndogo. Lakini sauti inayopita kwenye uwazi huo peke yake inatosha kuuzuia mlango wote usivuke desibeli 23, hata uufanye wa chuma. Watu wananunua mlango mzito wa desibeli 35, wanaufunga juu ya uwazi ule ule, wanalalamika kwamba wameibiwa. Zima taa usiku, mtu awashe tochi upande wa pili: mwanga unapopenya kwenye miimo, kizingiti au tundu la ufunguo, sauti inapenya pia. Raba ya kubana kuzunguka miimo na kizibo kinachoshuka mlango unapofungwa ndiyo ununuzi wa kwanza, na mara nyingi ndio unaoleta badiliko kubwa kuliko yote. Brashi ya manyoya inazuia vumbi. Sauti inapita katikati yake.

Soketi mbili zilizogeukiana kwenye ukuta mmoja ni tundu lile lile kwa sura nyingine. Pengo linaloachwa kuzunguka bodi za jipsamu, milimita 5 au 6 hivi, lizibwe kwa mastiki isiyokauka ikawa ngumu. Lipu au jipsamu ya kujazia hupasuka ukuta ukicheza, na ufa mwembamba unatosha kurudisha kelele.

Uzito una mwisho wake. Kuzidisha ukuta wa tofali mara mbili kwa ajili ya desibeli 5 au 6 ni ujenzi mpya. Hapo ndipo inatumika njia ya tabaka mbili zisizogusana: ukuta uliopo, nafasi ya hewa, kisha ukuta wa pili wa jipsamu juu ya fremu yake yenyewe. Nafasi hiyo ina tabia ya springi, na springi ikiwa fupi inadunda. Bodi moja ya jipsamu ikiwekwa sentimita 1 mbele ya ukuta wa tofali, mfumo wote unalia karibu na Hz 200, ndani kabisa ya eneo la sauti ya mtu anayeongea, na chumba kinaweza kuwa kibaya kuliko kabla ya kazi. Nafasi ikiwa sentimita 10, mlio unashuka hadi kama Hz 65, ambako mazungumzo hayafiki.

Ndani ya nafasi hiyo ndipo kifyonzaji kinapoingia kwa haki, na nadhani ndipo mkanganyiko wote ulipozaliwa. Mafundi hujaza pamba ya mawe au pamba ya kioo kati ya tabaka mbili, mpita njia anaona kitu laini ukutani, anahitimisha kwamba kitu laini ndicho kinachozuia. Pamba inatuliza mlio wa hewa iliyonaswa pale kati. Ikitolewa nje na kubandikwa juu ya ukuta, kazi hiyo haipo. Ijazwe bila kushindiliwa. Wala isibadilishwe na mapande meupe ya stairofomu ya kufungashia televisheni: hayo ni magumu, hayapitishi hewa ndani yake, yanaunganisha tabaka mbili badala ya kuzitenganisha.

Tabaka zikigusana, umerudi kwenye ukuta mmoja. Fremu ikishindwa kusimama peke yake, hutumika reli za kunepa, vyuma vyembamba vinavyoishika bodi isiguse nguzo, na hapo skrubu huharibu kazi ya siku nzima. Bodi mbili za milimita 12.5 ni milimita 25, reli ni 13, jumla 38. Skrubu ya 42 ikipigwa mbele ya nguzo inavuka reli na kuuma mbao. Huioni, hulisikii kosa, mpaka chumba kimepakwa rangi. Chache tu zinatosha kuua faida ya reli zote.

Nyayo za mtu wa ghorofa ya juu ni suala tofauti tena. Hizo hazikuja kwa hewa, zege limegongwa. Zulia nene lenye tabaka laini chini yake, kwake yeye, litakusaidia kuliko chochote utakachobandika kwenye dari lako. Kwa kelele ya namna hiyo kitu laini kinafaa kweli, mradi kiwe mahali kisigino kinapotua.

Kwa hiyo aliyekwisha nunua sponji asizitupe. Zikiwekwa sehemu za ukuta zinazorudisha sauti moja kwa moja kwenye maikrofoni, rekodi itasafika, hasa masafa ya juu. Besi zitabaki, kwani wimbi la Hz 100 lina urefu wa meta 3.4 na halitishwi na sentimita 5. Ziwe zile zilizotibiwa zisishike moto haraka, maana sponji ya godoro huwaka kwa dakika chache na moshi wake ni sumu. Na chumba kitakachozibwa barabara kipewe njia ya hewa safi, mfereji wenye kona mbili uliotandikwa pamba ndani. Sponji hizo ziitwe vifyonza sauti, na jirani akiuliza kama kelele zitakwisha, aambiwe kwamba raba ya mlango bado haijafungwa.