Penye Njia, Nia Hufuata

Swali ninaloulizwa kuliko yote na watu waliofikwa na makubwa ni hili: "Nifanye nini nipate tena matumaini?" Nimefanya kazi ya ushauri nasaha kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu nililijibu vibaya. Nilidhani kazi yangu ni kumtia mtu moyo kwanza, nguvu zikirudi atainuka mwenyewe. Wengi waliondoka nyuso zikiwa zimekunjuka, wakarudi wiki iliyofuata wakiwa vilevile.

Kuna kaka mmoja (mambo ya kumtambulisha nimeyabadilisha) aliyekuja kwangu miezi minne baada ya kupoteza kazi. Alikaa ukingoni mwa kiti, koti hakulivua. Nikamuuliza, "Kesho saa tatu asubuhi utakuwa unafanya nini?" Akaitazama mikono yake. Akaigeuza viganja juu, akaigeuza tena. Mwishowe akasema, "Dada, hiyo kesho siioni kabisa."

Uvivu sikuuona pale. Niliuona mwili ukifanya kile ambacho mwili hufanya shida inapodumu.

Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Martin Seligman na Steven Maier, walieleza jaribio walilowafanyia mbwa. Kundi moja lilipigwa na umeme, lakini kila mbwa aliweza kuuzima kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Kundi la pili lilipata umeme uleule, kwa muda uleule, ila lolote walilofanya halikubadilisha kitu. Baadaye wakawekwa kwenye sanduku lenye kizuizi kifupi katikati. Kuruka upande wa pili tu kulitosha kuukwepa umeme. Wa kundi la kwanza waliruka. Wengi wa kundi la pili walilala chini wakavumilia. Lilikuwa jaribio la kikatili, na kila ninapolisimulia moyo hunisinyaa.

Kwa karibu miaka 50 tulifundishwa kwamba wanyama wale walijifunza unyonge. Kisha mwaka 2016 Maier na Seligman wenyewe wakaandika kwamba jambo lile walikuwa wamelishika kinyume. Uchunguzi wa ubongo ulionyesha kwamba kunyong'onyea ndiko kunakokuja kwenyewe mateso yanaporefuka. Hakuna anayehitaji kukufunza. Kinachofunzwa ni kutambua kwamba unachofanya kinaleta tofauti. Sehemu ya mbele ya ubongo ikishang'amua hilo, huzituliza zile sehemu za ndani zinazouangusha mwili. Niliposoma hayo niliwafikiria wote waliowahi kuniambia, kwa aibu, kwamba wamelala siku nzima wameukodolea macho ukuta. Hawakuwa wameharibika. Walikuwa bado hawajapata ushahidi kwamba mkono wao una nguvu.

Ushahidi huo unapatikana vipi? Mbwa wale waliolala chini walitolewaje? Kuwaita kutoka upande wa pili hakukusaidia. Ilibidi wavutwe kwa kamba, wakavushwa kizuizi mara moja, mara ya pili, mara nyingi. Mwanzoni walikuwa wazito kama magunia. Kadiri ilivyorudiwa, nguvu iliyohitajika ikapungua, mpaka wakaanza kuvuka wenyewe. Mwili ulitangulia, hamu ya kuvuka ikaja nyuma yake.

Mwanasaikolojia Charles Snyder wa Chuo Kikuu cha Kansas aliyagawa matumaini katika mambo mawili: msukumo wa kulifuata lengo, na uwezo wa kuziona njia za kulifikia. Sisi tunaosema Kiswahili tumeshayaweka yote mawili katika methali moja: penye nia pana njia. Naiheshimu methali hiyo. Ila kwa mtu aliyechoka kabisa mimi huigeuza, kwa sababu kumwambia atafute nia kwanza ni kumtuma kisimani bila ndoo. Mpe njia, hata ya hatua moja, nia itamfuata huko huko njiani.

Hatua yenyewe lazima iwe yako mwenyewe kuikamilisha. "Kesho nitapata kazi" imo mikononi mwa mwingine. "Kesho saa tatu nitampigia mtu mmoja ninayemjua" imo mikononi mwako, hata asipopokea. Ipangie saa na mahali, uiandike. Ikikulemea, ipunguze mpaka uone aibu kwa udogo wake; hapo ndipo saizi yake. Usingizi na kupunguza habari za usiku navyo vinasaidia, nadhani hilo umeshaambiwa vya kutosha.

Na kamba ile, usisahau, ilishikwa na mtu. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi utu uzima. Kati ya waliokulia katika mazingira magumu zaidi, takriban theluthi moja walikua watu imara, na jambo lililojitokeza maishani mwao ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewajali bila kuyumba. Mmoja tu! Kwa hiyo ninapomsikia mtu akimwambia mwenzake "vumilia" kisha anaondoka, naumia. Ukimwambia mtu avumilie, kaa naye.

Huzuni ikikushika karibu kila siku kwa zaidi ya wiki mbili na kukuzuia kufanya shughuli zako, mwone mtaalamu. Ukianza kuwaza kujiua, usingoje hata siku moja: mwambie mtu leo, na uende hospitali.

Yule kaka tuliandika pamoja jina moja kwenye karatasi, la mtu aliyewahi kufanya naye kazi, na chini yake "saa tatu". Karatasi ile aliikunja mara nne akaitia mfukoni. Wiki iliyofuata aliingia, akavua koti, akalitundika nyuma ya kiti.

"Hakupokea," akasema. "Nikapiga tena saa nne."