Tamko la Wazee Mbele ya Majenerali: Anza na Sahihi

Ukikabidhiwa tamko la wanasiasa wazee wanaopinga utawala wa kijeshi, anza kulisoma chini, kwenye sahihi. Walimu wa Historia wa Mbeya na Iringa wanaotumia matamko haya darasani mara nyingi huwaacha wanafunzi waanze na aya ya kwanza, na mwanafunzi huishia kuandika kwamba wazee "wanadai demokrasia". Si uongo, ila bado hatujajua kwa nini karatasi moja iliyosainiwa na watu wenye fimbo za kutembelea inamsumbua mtu mwenye vifaru.

Majenerali wanaopindua serikali hupenda kusema kwamba jeshi ndilo lililoikomboa nchi, kwa hiyo lina haki ya kuilinda hata dhidi ya wanasiasa. Kijana akibisha ataambiwa hakuwepo. Mzee alikuwepo. Katika kikao cha ukoo, Rungwe au Kalenga, neno juu ya mpaka wa shamba hupimwa hivyohivyo: nani alikuwepo jiwe lilipowekwa? Basi mbele ya kila jina andika mambo matatu: alishika cheo gani, miaka ipi, na nani alimpa cheo hicho, wapiga kura au wanajeshi. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloamua mengi.

Burma, ambayo leo huitwa Myanmar, ni mfano mzuri wa kufundishia, na nyanda za juu kusini jina hilo si geni. Ndiko wazee wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) walikopelekwa katika vita vya pili vya dunia, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye matope na malaria. Nchi ilipata uhuru tarehe 4 Januari 1948, waziri mkuu wa kwanza akiwa U Nu. Tarehe 2 Machi 1962 Jenerali Ne Win akampindua.

Mwaka 1988, watu walipoingia barabarani kuupinga utawala huo wa kijeshi, wazee wawili walisema, kwa njia mbili tofauti. Aung Gyi, brigedia aliyekuwa karibu sana na Ne Win wakati wa mapinduzi yale ya 1962, alimwandikia barua za wazi. Alieleza uchumi ulivyoharibika na wanafunzi walivyotendewa. Barua zilinakiliwa zikapita mikononi mwa watu, naye akakamatwa Julai. Nguvu yake ilikuwa kwamba alizungumza na mtu aliyemjua, juu ya mambo aliyoweza kuyataja moja moja. Udhaifu wake nao uko wazi: cheo chake kilitoka jeshini na mapinduzi yalikuwa yake pia. Kwa maoni yangu, mzee wa namna hii inampasa aseme sehemu yake katika aya ya kwanza, kabla wapinzani wake hawajamsemea.

U Nu alikuwa na haki iliyo safi zaidi, akaitumia vibaya. Tarehe 9 Septemba 1988, akiwa na miaka 81, alitangaza kwamba yeye bado ndiye waziri mkuu halali na akaunda serikali. Kisheria hoja yake ilikuwa na uzito, kwa sababu yeye alichaguliwa na waliomwondoa hawakuchaguliwa. Lakini viongozi wengine wa upinzani hawakumuunga mkono, na umati uliokuwa barabarani ulikuwa umejaa vijana waliozaliwa baada ya yeye kuondolewa. Siku tisa baadaye, tarehe 18 Septemba, jeshi lilitwaa madaraka upya. Alikataa kuivunja serikali yake, akawekwa kizuizini nyumbani kwake kuanzia Desemba 1989 hadi Aprili 1992. Kosa hapa ni la ufundi, na hutokea kwingine pia: tamko lilidai kiti cha mwandishi wake, wakati umati ulikuwa unadai uchaguzi. Mzee anayejiombea madaraka hupoteza ushahidi wake, maana anageuka mdai kati ya wadai.

Nigeria ilijaribu njia ya sahihi nyingi. Uchaguzi wa tarehe 12 Juni 1993 ulifutwa, Novemba Jenerali Abacha akashika nchi, na Mei 1994 ikaundwa NADECO, muungano wa kudai demokrasia, chini ya Adekunle Ajasin, gavana wa zamani aliyezaliwa mwaka 1908. Alikuwemo Anthony Enahoro, aliyetoa hoja ya kujitawala bungeni mwaka 1953. Huyu pia aliwahi kuwa kamishna wa habari katika serikali ya kijeshi ya Gowon, kwa hiyo lile swali la tatu linamhusu. Dai lao kuu lilikuwa hili: jeshi liondoke, na aliyeshinda uchaguzi apewe nchi. Malipo yalikuwa makali. Alfred Rewane, mzee aliyewasaidia kwa fedha, aliuawa nyumbani kwake Lagos Oktoba 1995, na Enahoro alikimbilia nje ya nchi mwaka 1996. Utawala wa kiraia ulirudi tarehe 29 Mei 1999, Abacha akiwa amekwisha kufa.

Kuhusu umbo la tamko lenyewe nitasema kwa kifupi. Maneno 250 yanatosha. Redioni ni dakika mbili na kidogo, na mtangazaji hatalazimika kulikata mwenyewe, maana akilikata hukata dai na kubakiza malalamiko. Dai liwe moja, litaje anayedaiwa na tarehe. Nakala zenye sahihi za wino zisipungue tatu, zikae nyumba tofauti, kwa sababu jambo la kwanza analoambiwa mzee aliyekamatwa ni kwamba mwenzake amekana. Na jina la aliyechapa lisionekane popote. Mzee mashuhuri huenda akafungiwa nyumbani. Mchapaji hupelekwa gerezani bila mtu kuuliza.

Mwalimu anayewatuma wanafunzi kwa wazee wa hapa awape tarehe za kushikia kwanza. Mapinduzi ya Zanzibar ni 12 Januari 1964. Maasi ya askari wa Tanganyika Rifles, walioanzia kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza, ni 20 Januari. Ni siku nane tu, na kumbukumbu huyaunganisha kwa urahisi. JWTZ iliundwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Mzee akisema "wakati ule wanajeshi walipoasi", usimsahihishe. Muulize kama ilikuwa kabla au baada ya Muungano wa 26 Aprili, kisha nyamaza umsikilize.